Waliotangulia Kaaga na Embu

Mwaka 2026 umezikutanisha kumbukumbu mbili upande huu wa mashariki wa Mlima Kenya. Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, ambacho sote tunakiita KeMU, kinatimiza miaka 20 tangu Rais Mwai Kibaki alipokipa hati ya chuo kikuu kamili mwezi Juni 2006. Chuo Kikuu cha Embu nacho kinatimiza miaka 10 tangu Rais Uhuru Kenyatta alipokipa ya kwake tarehe 7 Oktoba 2016. Cha kwanza ni cha kanisa na makao yake ni Kaaga, kilomita chache kutoka mjini Meru. Cha pili ni cha umma, kando ya barabara kuu itokayo Embu kwenda Meru. Anayetoka Embu kwenda Kaaga hupita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, akishuka na kupanda mabonde ya Thuci, Nithi na Mutonga, majani ya chai yakiwa juu mkono wa kushoto kuelekea mlimani, na joto la Mbeere na Tharaka likimpigia kutoka chini mkono wa kulia.

Vyuo vikuu hupenda kuhesabu umri wao tangu siku rais alipokuja na bendi ikapigwa. Hesabu hiyo ni halali, na siipingi. Lakini kwa Kaaga na Embu inamwacha nje mtu muhimu kuliko wote. Kabla kijana yeyote aliyetoka kidato cha nne hajakanyaga viwanja hivi akiwa na barua ya kuitwa chuoni, watu wazima walikuwa wameshalala katika mabweni yake, wamekula ugali katika ukumbi wake, na wamerudi kwao wakiwa na daftari kwapani. Chuo kikuu kilipofika kiliwakuta hapo.

Tuanze na kahawa, maana ndiyo iliyowaketisha darasani. Hadi miaka ya 1930 Mwafrika wa Kenya alikuwa amezuiwa kuilima kwa manufaa yake. Zao hilo lilikuwa la walowezi. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ilikubali kufanya jaribio katika sehemu tatu zilizokuwa mbali na mashamba ya Wazungu: Kisii, Embu na Meru. Idadi ya miti iliwekewa kikomo na usimamizi ulikuwa mkali. Mkulima aliyepata ruhusa alikuwa mtu mwenye mke, watoto, mbuzi na deni la mahari, na ghafla akatakiwa kujua mambo ambayo baba yake hakumfundisha: nafasi kati ya mche na mche, namna ya kupogoa, namna ya kuutambua ugonjwa kabla haujamaliza shamba. Nani angemfundisha? Afisa wa kilimo, ambaye naye alikuwa mtu mzima aliyehitaji kufundishwa kwanza.

Hapo ndipo mwaka 1947 unapoingia katika historia ya Embu. Ndio mwaka wa kuanzishwa kwa chuo kilichokuja kujulikana kwa kifupi kama EAST, chuo cha kuwafunza watumishi wa kilimo. Wazee wengi wa Embu bado wanaijua sehemu ile kwa jina hilo. Jina lenyewe lilisema kilikuwa cha nani. Waliokusudiwa walikuwa watumishi, watu waliokuwa kazini tayari, walioitwa waje kujifunza jambo jipya kisha warudi kwa wakulima wao. Mwaka 1954 Roger Swynnerton alipotoa mpango wake wa kuwapa Waafrika hati za ardhi na mazao ya biashara, mahitaji ya watu kama hao yaliongezeka mara dufu. Kahawa ilisambaa katika miinuko, chai ikafuata karibu na msitu, ng'ombe wa maziwa wakaja.

Sitaki kuipamba picha hiyo. Mpango wa Swynnerton ulikuja katikati ya hali ya hatari, Embu na Meru zikiwa na watu kizuizini, wengine msituni, na vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Wengi walijifunza kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo kwa amri ya chifu, si kwa hiari. Afisa wa kilimo wa wakati ule aliogopwa kama karani wa kodi. Ndiyo sababu ninaithamini zaidi ile kazi iliyofuata baada ya uhuru, ya kumgeuza mtu huyo kutoka mtoa amri hadi mwalimu anayekaribishwa chai. Ilihitaji elimu ya aina yake, na sehemu ya elimu hiyo ilitolewa pale Embu.

Kaaga ina njia yake. Wamishenari wa Methodisti walifika Meru katika miaka ya 1910, na kituo chao kikajengwa hapo. Wanafunzi wa kwanza wa misheni, huku kama ilivyokuwa kwa Waanglikana wa Kigari kule Embu, hawakuwa watoto wa kupigiwa kengele asubuhi peke yao. Walikuwamo vijana wakubwa na watu wazima waliotaka kuisoma Biblia wenyewe, wakaitwa athomi, wasomaji, jina ambalo kwa wengine lilikuwa sifa na kwa wengine lilikuwa tusi. Kwa miongo kadhaa kanisa liliendelea kuwafundisha wakubwa pamoja na wadogo. Pale Kaaga palikuwa na kituo cha mafunzo ya vijijini kilichowapokea wakulima, na taasisi ya Kimethodisti ya kuwafunza watumishi wa kanisa. Hizo mbili ndizo mama wa KeMU. Chuo kikuu kilirithi ardhi yao na majengo yao, na ninadhani kilirithi pia tabia yao.

Tabia hiyo ni ipi? Wale waliopita katika vituo vya wakulima vya Kenya wanaikumbuka vizuri. Mtu alikuja kwa siku chache, wiki moja kwa kawaida, kwa sababu hakuna mwenye ng'ombe wa kukamua anayeweza kuondoka nyumbani kwa mwezi. Alilala bwenini na wanaume wenzake, au na kina mama wenzake, wakacheka kama wanafunzi wa bweni. Asubuhi alisikiliza, mchana alishika jembe au chuchu ya ng'ombe, jioni aliuliza maswali. Jumamosi alipanda gari la kurudi, na Jumatatu jirani alikuja kuchungulia ua wake aone kama amebadilika. Muda wa kozi ulipimwa kwa maisha ya mwanafunzi. Jambo hilo ni dogo kulisema, lakini vyuo vikuu vingi duniani vimechukua miaka mingi kulielewa.

Nchini kote mambo yalikuwa yakienda kwa mwendo wake. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Bodi ya Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata kitengo cha masomo ya posta kilianza Kikuyu chini ya kilichokuwa wakati ule Chuo Kishiriki cha Nairobi, kwa msaada wa Marekani, kikituma vijitabu kwa walimu wasio na sifa kamili na kuvisindikiza kwa vipindi vya redio. Desemba 1978 Rais Daniel arap Moi alitangaza vita dhidi ya kutojua kusoma, na mwaka 1979 madarasa ya ngumbaru yakafunguliwa hadi vijijini kabisa. Sijui kama kuna mtu wa rika langu kutoka Imenti au Runyenjes ambaye hakumwona nyanya yake akienda ngumbaru saa nane mchana, kalamu imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa. Kisha, mwaka 1986, Nairobi ikaanza shahada ya ualimu kwa njia ya masafa.

Habari hiyo ya 1986 iliigusa sehemu hii kuliko nyingi. Eneo hili lina vyuo vitatu vya ualimu wa shule za msingi vilivyo karibu karibu: Kigari upande wa Embu, Egoji na Meru upande wa juu. Kwa miaka na miaka vilitoa walimu wa P1 kwa mamia, na walimu hao wakapelekwa Igembe, Tharaka na Mbeere, mahali ambapo mshahara ulikuja mwisho wa mwezi na gazeti lilikuja likishapitwa. Wengi walikuwa wameanguka kwa alama moja au mbili tu chini ya kiwango cha chuo kikuu, au walifaulu na karo ikakosekana. Hao ndio waliosoma vijitabu vya posta kwa mwanga wa koroboi, wakafanya mtihani wa kidato cha sita wakiwa watahiniwa wa kibinafsi, wakatamani digrii ambayo ilikuwa Kikuyu, mwendo wa siku nzima kwa basi.

Kanisa la Methodisti lililiona hilo. Askofu Lawi Imathiu, aliyeliongoza kanisa hilo nchini tangu mwaka 1970 hadi 1996, alikuwa mwana wa Meru, na ndoto ya chuo kikuu ilikuwa yake na ya wenzake kwa muda mrefu kabla ya kuwa karatasi. Mwaka 1997 KeMU ilipata barua ya idhini ya muda, na Profesa Mutuma Mugambi akawa makamu wake wa kwanza wa chansela. Mahali pengi wangechagua Nairobi. Wao waliweka makao makuu Kaaga, na matawi ndiyo yakapelekwa Nairobi, Mombasa na Nakuru. Kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa katika historia yote ya taasisi hiyo. Mwalimu wa Tigania hakulazimika tena kuhama ili awe mwanafunzi.

Mwaka mmoja baada ya barua ile, 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mpango wa wanafunzi wa kujilipia, na vyuo vingine vya umma vikafuata mkumbo. Ghafla mtu mzima akawa anatafutwa. Kulikuwa na masomo ya jioni kwa wenye kazi za ofisini, masomo ya wikendi kwa wafanyabiashara na wahudumu wa hospitali, masomo ya masafa kwa walio mbali, na yale ambayo hapa Meru yaliacha alama kuliko yote: masomo ya likizo.

Aliyeishi Kaaga wakati huo anaujua mwezi wa Agosti. Shule zikifungwa Ijumaa, Jumapili jioni matatu zinashusha walimu na masanduku. Vijana waliozoea kuwa wanafunzi wanajikuta wakitoa shikamoo kwenye ngazi za maktaba. Kina mama wanakuja na mtoto anayenyonya na msichana wa kumshika, wanakodi chumba kimoja watatu, na saa za mapumziko unawaona wakitembea haraka kuelekea chumbani. Usiku kuna majadiliano ya vikundi, na ndani ya kikundi mwalimu mkuu anafundishwa takwimu na mwalimu wa chini yake. Desemba wanarudi tena, Aprili tena. Krismasi ya mtoto ilipangwa kufuata ratiba ya mtihani. Shahada ya miaka minne iliweza kwenda mitano au sita, karo ikilipwa kwa mkopo wa sako, kwa zamu ya chama, kwa fahali aliyeuzwa, kwa bonasi ya chai. Ni ile ile kozi ya wiki ya mkulima, imenyooshwa tu.

Hawakuwa walimu peke yao. Hospitali za misheni za eneo hili, Maua, Chogoria na Nkubu, kila moja ina shule ya uuguzi, na wauguzi wenye vyeti vya ngazi ya chini walikuwa wengi wodini. Mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi, lilianza kuwapandisha ngazi kwa masomo ya kompyuta bila kuwatoa kazini, wakati ambapo walio wengi hawakuwa wamewahi kushika kipanya. KeMU nayo ilifungua masomo ya afya, yakiwemo ya usimamizi wa mifumo ya afya, yaliyowavuta watu waliokuwa wakiendesha zahanati na ofisi za wilaya. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, maofisa wa kaunti na wawakilishi wa wadi nao wakaanza kuuliza saa za darasa la jioni.

Katika miaka hiyo vyuo viliota kando ya barabara ile ya Embu na Meru kama uyoga baada ya mvua ya Aprili. Chuka, iliyoanza mwaka 2004 kama tawi la Egerton, ikawa chuo kikuu kamili Januari 2013. Nchiru, njia ya kwenda Maua, chuo cha ufundi ambacho wananchi walikuwa wamekianzisha kwa harambee kikawa chuo kishiriki cha JKUAT mwaka 2008, na Machi 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Na Embu, tarehe 17 Juni 2011, EAST ya zamani ikatangazwa kuwa chuo kishiriki cha Nairobi. Profesa Daniel Mugendi, mtaalamu wa udongo, ndiye aliyekiongoza hadi kikapata hati na kuendelea baada ya hapo. Naona kuna ulinganifu mzuri katika hilo, kwamba mahali palipowafunza maofisa wa kilimo palikabidhiwa kwa mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza udongo wa wakulima hawa hawa.

Hati ya Embu ilikuja Oktoba 2016. Kabla ya mwaka kwisha, msingi wa elimu ya kujilipia ulikuwa umetikisika nchi nzima. Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alikuwa amefunga mianya ya wizi wa mitihani, na waliopata C+ na zaidi katika KCSE wakashuka kutoka 169,492 mwaka 2015 hadi 88,929 mwaka 2016, kisha 70,073 mwaka 2017. Serikali iliweza sasa kuwapa nafasi na ufadhili wote waliofikia kiwango, hata katika vyuo vya kibinafsi. Mwanafunzi kijana wa kujilipia akapungua sana. Vyuo vilivyojenga bajeti juu yake vilianza kuchelewesha mishahara na kufunga matawi.

Mtu mzima naye alikuwa amekatwa kamba kwa upande mwingine. Tume ya Huduma za Walimu ilikuwa imeacha kumpandisha mwalimu cheo kwa sababu tu ameleta digrii, na mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021 ulipima kazi anayofanya badala ya cheti alichonacho. Naelewa hoja ya tume; mwajiri ana haki ya kulipia kazi. Lakini nawaza juu ya mwalimu wa Tharaka aliyekuwa mwaka wa tatu wa masomo yake ya likizo siku habari hiyo ilipomfikia. Alikuwa ameshauza fahali. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilipotangaza mafunzo ya lazima ya kuendeleza walimu, kwa ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwao, taasisi nne zilizoteuliwa kuyatoa zilikuwa Kenyatta, Mount Kenya, Riara na taasisi ya serikali ya usimamizi wa elimu. Hakuna hata moja yenye makao makuu katika mteremko huu uliowasomesha walimu kwa likizo miaka yote hiyo. Hilo nililiona kuwa kosa, na bado naliona hivyo.

Lililofuata linajulikana. Machi 2020 corona ikafunga madarasa, na vyuo vikalazimika kufanya kwa wiki chache yale ya mtandaoni ambayo vilikuwa vikiyajadili kwa miaka mingi. Vilivyokuwa na uzoefu wa masafa viliona wepesi zaidi kidogo. Agosti 2023 Rais William Ruto alikipa hati Chuo Kikuu Huria cha Kenya, huko Konza, ambacho hakina bweni wala kengele. Masomo yake yote yako kwenye simu na kompyuta. Kwa mama wa Kiritiri au Marimanti anayefunga duka saa mbili usiku, hiyo ni baraka, mradi mtandao ushike.

Hata hivyo nimewasikia wengi waliosoma kwa likizo wakisema kilichowabeba hakikuwa mhadhara. Kilikuwa kile chumba cha watu watatu, maandazi ya saa nne, yule mwenzao wa Igoji aliyewaamsha saa kumi alfajiri ili wasome kabla mtoto hajalia. Mtandao hauna chumba hicho. Kaaga na Embu zinacho, kimejengwa tayari, na mara ya kwanza kilijengwa kwa ajili ya watu kama wao.

Linalotakiwa kwa vyuo hivi viwili si la fedha nyingi. Ni kufungua mabweni Agosti kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaiweza. Ni kutafuta mahali pa kulea watoto wachanga karibu na maktaba. Ni kumpa mwenye diploma jibu la haraka kuhusu masomo yake ya zamani yatakayohesabiwa, asikae miezi akisubiri kamati. Ni kurudisha zile kozi za siku tano kwa mkulima wa kahawa, makadamia na maziwa, ambaye leo ana simu yenye video elfu za kilimo na hana mtu wa kumwambia ipi ni ya kweli.

Na sherehe zikifika, kuna vibao viwili ningependa kuviona. Langoni Embu, juu ya 2016, kiandikwe 1947. Kaaga, karibu na jengo la zamani litakaloteuliwa, kiandikwe kwamba hapa wakulima wa Meru walikuja wiki moja moja kujifunza. Wale ambao bado wako hai, wenye fimbo na kofia za sufu, waitwe kwa majina, waketishwe mstari wa mbele kabla wageni wa Nairobi hawajafika, na waulizwe bweni lao lilikuwa wapi.